Mvuvi na Jangili: Uvuvi wa Mto Nile kutoka Panyimur hadi Maporomoko ya Murchison

Kwetu Pajulu hakuna ziwa. Kuna vijito, na kuna mto Enyau unaopita kando ya mji wa Arua, ambamo tukiwa watoto tulivua vijisamaki vya urefu wa kidole kwa chandarua kilichochakaa, kisha tukachapwa nyumbani kwa kurudi na matope. Samaki wa kula alitoka mbali, kwenye Nile, na alifika sokoni Arua akiwa mkavu. Bibi yangu mzaa mama aliuza samaki huyo kwa miaka mingi: angara aliyepasuliwa na kutiwa chumvi, ngege wa moshi, na mara mojamoja vipande vya mputa, yule ambaye Watanzania humwita sangara na Wakenya humwita mbuta.

Nilipoanza kusoma historia chuoni, nilitarajia kuwakuta wavuvi waliomuuzia bibi samaki wake mahali fulani katika vitabu vinavyoeleza mto ule. Niliwakuta wageni. Nilimkuta Baker, Emin Pasha, Roosevelt na Hemingway. Wavuvi wenyewe hutokea kwanza kama watu wasio na majina wanaopiga kasia, na baadaye, kuanzia katikati ya karne ya 20, kama majangili. Katika insha hii nitajaribu kueleza jinsi mtu anayevua samaki yuleyule katika maji yaleyale alivyokuja kuitwa majina mawili, mwanamichezo au jangili, kutegemea ametoka wapi na anavua kwa chombo gani.

Msomaji ambaye hajafika huko anahitaji ramani kidogo. Nile hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, hupita Ziwa Kyoga, kisha hubanwa katika mwanya wa mawe wenye upana wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Hayo ndiyo Maporomoko ya Murchison. Chini yake mto hutulia, huingia katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, na karibu papo hapo hutoka tena kuelekea kaskazini, ukipita Panyimur, Pakwach, Wadelai na Rhino Camp hadi Nimule. Ukingo wa magharibi ni West Nile, kwetu. Watu wa ukingo huo, upande wa Panyimur na Pakwach, huitwa Jonam, yaani watu wa maji, na jina hilo peke yake lingetosha kumwambia mwanahistoria walikuwa wakifanya kazi gani.

Ushahidi wa maandishi upo pia. Samuel Baker na mkewe Florence walifika Ziwa Albert tarehe 14 Machi 1864. Baker alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mpelelezi, kwa hiyo macho yake yalivutwa na zana. Katika vijiji vya pwani ya ziwa aliona chusa za kuwindia kiboko, ndoana nzito zilizofuliwa kwa chuma, na mishipi minene ya kumzuia samaki mkubwa. Kisha akasafiri kwa mtumbwi hadi Magungo, mahali mto unapoingia ziwani, na kutoka hapo akapanda hadi kwenye maporomoko, ambayo aliyapa jina la Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London. Mimi nasoma ukurasa huo kwa namna yangu. Ndoana ya namna ile haifuliwi na mtu anayejaribu bahati yake. Nyuma yake kuna mhunzi, kuna msokota kamba, na kuna mtu anayejua samaki mkubwa hukaa wapi na katika majira gani. Baker aliandika jina la rais wa chama chake. Jina la mhunzi hakuliuliza.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa sababu inahusu dola zaidi kuliko samaki. Emin Pasha alikaa Wadelai katika miaka ya 1880 na meli zake mbili, Khedive na Nyanza. Mwaka 1894 eneo letu likakodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kama sehemu ya Lado, na mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwaka uliotangulia, akapiga kambi katika ukingo wa magharibi, karibu na mahali panapoitwa leo Rhino Camp, ili kuwapiga risasi vifaru weupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Mwaka 1914 West Nile ikaunganishwa na Uganda na boma likajengwa Arua. Nawataja vifaru kwa sababu moja tu: tayari hapa tunaona watu wawili wanaoua mnyama mmoja, mmoja akiitwa mwanasayansi anayekusanya vielelezo vya makumbusho.

Jambo lililobadilisha mto kweli lilikuwa ugonjwa. Malale, unaoenezwa na mbung'o wanaopenda vichaka vya kando ya maji, uliua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha watu kutoka kando ya maji. Gavana Hesketh Bell alianza na pwani ya Ziwa Victoria, na baadaye agizo likafika kaskazini mwa Bunyoro, kando ya Nile chini ya maporomoko. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa wa hila. Watu walikuwa wanakufa, na dawa ya kutegemewa haikuwepo. Lakini matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini. Vijiji viliondolewa, mashamba yakarudi kuwa pori, tembo na viboko wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1920 pori hilo lilikuwa limekuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1952 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison. Mgeni aliyefika katika miaka ya 1950 aliambiwa kwamba anaona Afrika ambayo haijaguswa. Alikuwa anaona mahame.

Na wageni walikuja. Mwaka 1951 John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sehemu za filamu ya The African Queen upande wa Butiaba na maporomoko. Januari 1954 ndege ya Ernest Hemingway ilianguka karibu na maporomoko, na ndege ya pili iliyokuja kumchukua ikawaka moto Butiaba. Magazeti ya dunia yakamtangaza kuwa amekufa, naye akayasoma. Hoteli ya Paraa ilijengwa kwenye ukingo, safari za boti zikaanzishwa, na miongoni mwa starehe zilizotangazwa ilikuwa kuvua mputa. Mahali penyewe panafaa ajabu. Maji yanayoanguka huleta samaki wadogo waliolewa na hewa nyingi majini, na mputa hungoja chini, kwenye vidimbwi vya pembeni nyuma ya mawe. Samaki huyu anaweza kufika urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Kwa mtu aliyezoea samaki wa mito ya Uingereza, wa kulala katika sahani moja, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuvuka bahari.

Sheria ya hifadhi haikukataza uvuvi. Ilikataza uvuvi usio na kibali, nyavu, migono na mitumbwi isiyoruhusiwa. Fimbo yenye mshipi mmoja iliruhusiwa kwa aliyelipa. Tofauti hiyo inaweza kutetewa kwa hesabu: wavu huchukua wengi, ndoana huchukua mmoja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikubaliana nayo. Lakini kumbuka ndoana za chuma za mwaka 1864. Mvuvi wa pale alikuwa na ndoana yake na mshipi wake muda mrefu kabla ya kuambiwa kwamba hicho ndicho chombo cha kistaarabu. Alichokosa ni fedha ya kibali, na kijiji cha kurudi jioni.

Hapa lazima nimfuate samaki mwenyewe kwa muda, maana naye alihamishwa. Mputa hawezi kupanda Maporomoko ya Murchison. Ndiyo maana katika nyakati zetu Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria hayakuwa naye kabisa, ilhali Ziwa Albert na Nile yetu vilijaa. Mabwana wa Idara ya Wanyama na Uvuvi ya Uganda walitaka avushwe. Walisema angegeuza vijisamaki visivyo na soko kuwa nyama yenye thamani, na wapo waliotaka pia samaki wa michezo karibu na miji yao. Mwaka 1955 alitiwa Ziwa Kyoga. Mei 1960 alionekana Jinja, katika Ziwa Victoria, kabla ya kutiwa humo rasmi mwaka 1962 na 1963. Mtaalamu Geoffrey Fryer alikuwa ameonya mwaka huohuo wa 1960 kwamba haijulikani mlaji huyo atafanya nini katika ziwa ambalo halijawahi kuwa na mfano wake. Yaliyofuata yanajulikana: mamia ya aina za samaki wadogo yalitoweka, kisha viwanda vya minofu vikaota kuanzia Mwanza hadi Jinja.

Vitabu vingi nilivyosoma huanzia hapo, kana kwamba samaki huyu alizaliwa Ziwa Victoria. Kwa wanafunzi wa lugha nitaongeza kwamba majina yana kumbukumbu nzuri kuliko vitabu. Mputa ni jina la Ziwa Albert, nalo lilisafiri pamoja na samaki hadi Jinja, likawa mbuta lilipofika Kisumu. Watanzania walimwita sangara, na ndugu zake wa Ziwa Tanganyika wanaitwa sangala. Kila pwani ilimpokea mgeni kwa jina la mtu iliyemjua.

Mwaka wa uhuru, 1962, mvua kubwa zilijaza mto hadi ukatoboa njia ya pili kando ya maporomoko ya zamani. Njia hiyo ikaitwa Maporomoko ya Uhuru. Maji hayohayo yaliharibu bandari ya Butiaba, na safari za meli zilizounganisha ziwa na Rhino Camp zikafa. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, lakini haikuvuka kuja Arua. Ni wakati huo bibi alipoanza biashara.

Bibi si chanzo rahisi. Hahesabu miaka, husema "kabla ya kukimbia" na "tuliporudi", akimaanisha vita vya 1979 na mwaka uliofuata, ambapo nusu ya ukoo ulikuwa Zaire. Ila njia anaikumbuka kituo kwa kituo. Walipanda lori wanawake wanne au watano hadi Panyimur, wakalala ufukweni, wakanunua angara alfajiri kutoka mitumbwi iliyorudi. Chumvi walikwenda nayo wenyewe. Arua walipokelewa na wanunuzi kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, ambao humwita samaki wa chumvi makayabu, na bei ilipatanwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa ya wote na si ya mmoja. Nilimuuliza kama baadhi ya samaki wale walitoka upande wa hifadhi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ya mto yana mpaka. "Mjukuu wangu," akasema, "samaki alikuwa na mkia. Mimi nilinunua penye mtumbwi." Alijua vizuri kwamba vijana wengine walivuka usiku, kwamba mmoja hakurudi, na kwamba waliokamatwa walipoteza nyavu kwanza na miezi yao baadaye. Wavu mmoja, anasema, ulikuwa ada ya shule ya mwaka mzima.

Nisiwageuze wavuvi kuwa malaika. Baada ya 1979 hifadhi iliporwa kwa bunduki, tembo wakachinjwa kwa maelfu, na katika miaka ya 1980 hoteli nayo ikaharibiwa na vita. Nyavu zenye matundu madogo zimemaliza samaki wachanga mahali pengi, na bibi mwenyewe hulalamika kwamba angara wa siku hizi ni wadogo kama vidole vya Enyau. Udhibiti unahitajika. Ninachopinga ni neno moja, jangili, linapomwangukia kila mtu wa ukingo wa magharibi pamoja na mwenye bunduki.

Siku hizi mgeni hulipia kibali kwa Mamlaka ya Wanyamapori, huvua kwa fimbo, na mputa akishapimwa na kupigwa picha hurudishwa majini. Binamu yangu mmoja, mtoto wa Jonam kwa upande wa baba, huwasukumia wageni boti. Likizo iliyopita alimwonyesha bibi picha kwenye simu: mzungu amepiga magoti majini, amekumbatia samaki wa kilo zaidi ya 60. Bibi aliishika simu kwa muda mrefu.

"Wakamla lini?"

"Hawakumla, bibi. Walimrudisha."

"Alikuwa mgonjwa?"

Binamu alicheka, kisha akaeleza kazi yake. Wageni hulipia kibali na hoteli, lakini hawajui mputa husimama wapi. Hilo analijua yeye: nyuma ya jiwe gani, maji yakipanda kiasi gani, mwezi gani. Alifundishwa na babu yake mzaa baba, aliyekuwa akivuka usiku.