Wakimbizi, usalama na barabara ya Kibaha

Barabara ya Morogoro inapita Kibaha, reli ya TAZARA inakatiza Kisarawe, na kwa miaka mingi Mkoa wa Pwani umekuwa mahali ambapo safari ya Waethiopia wanaoelekea Afrika Kusini huishia mikononi mwa polisi. Hushtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, kisha hurudishwa kwao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa anayeomba hifadhi siku saba za kujitokeza kwa mamlaka. Aliyefichwa ndani ya lori huzimaliza kabla hajajua kama zipo. Hatari ya kumrudisha mtu bila kumsikiliza tunaijua tangu Ngara, wilaya iliyo mpakani na Rwanda.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa takriban saa 24. Miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari. Desemba 1996 serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakatangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerejea ifikapo tarehe 31. Maelfu walishika njia ya mashariki, wakiukimbia mpaka, na askari wakawageuza. Wanaoitetea amri ile wana hoja nzito: nchi ilikuwa maskini, misitu ya Ngara na Karagwe ilikuwa ikiteketea kwa kuni, na Mkataba wa Wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unamkataza mkimbizi kuihujumu nchi ya Kiafrika. Lakini mkataba huohuo unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari ya maisha yake, na wengi walirudishwa bila kuhojiwa mmoja mmoja. Muuaji na yatima walivuka daraja moja. Hapo hata usalama ulipoteza, kwa kuwa mhalifu aliyechanganywa na umati hatambuliki.

Itasemwa kwamba Waethiopia wa leo wanatafuta kazi tu. Wengi ndivyo, na mahojiano yatathibitisha hivyo. Asiye mkimbizi atarudishwa kwa haki. Mahojiano hayohayo yatalitaja jina la mwenye lori, mtu ambaye ni hatari kwa nchi kuliko abiria wake. Mwaka 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikufa ndani ya lori, miili yao ikatupwa porini mkoani Dodoma. Mtandao wa wasafirishaji wa namna hiyo haukamatwi kwa kuwafukuza mashahidi. Wengi wa Waethiopia hao hutoka maeneo ya Hadiya na Kembata nchini Ethiopia, ambako Kiamhari si lugha ya nyumbani. Kwa hiyo Uhamiaji na mahakama za Pwani zipewe wakalimani wa lugha zao, na hoja ya hifadhi isikilizwe kabla ya hati ya mashtaka kusomwa.