Imani Iliyokaa Nyumbani: Miaka Mia Moja ya Kuiishi Injili Katika Familia na Mtaa

Historia ya usharika kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majengo na majina. Huelezwa ni lini banda la kwanza la miti na nyasi lilisimamishwa, ni nani aliyeleta kengele, na ni wachungaji gani waliofuatana madhabahuni. Sura nyingine za kitabu hiki zimeifanya kazi hiyo vizuri, nami sina haja ya kuirudia. Kamati ya Jubilei imeniomba niandike juu ya jambo ambalo halina jiwe la msingi wala halikupigwa picha: jinsi Wakristo wa hapa, chini ya Mlima Kilimanjaro, walivyoiishi imani yao nyumbani, kwa jirani na shambani. Naandika nikiwa mtoto wa usharika huu. Nilibatizwa hapa, nikapata kipaimara hapa, nikasomea theolojia Makumira, kisha nikatumwa kuchunga sharika kadhaa, ukiwamo huu ulionizaa. Kwa hiyo mimi si shahidi wa mbali. Katika baadhi ya mambo nitakayoyasimulia, mimi ni mmoja wa washitakiwa.

Injili kwa njia ya Walutheri ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame. Kituo cha Mamba kilifuata mwaka 1894, na cha Moshi, mahali paitwapo Kidia, mwaka 1896. Kabla yao Waanglikana wa CMS walikuwa wamefanya kazi Moshi tangu mwaka 1885. Katika miaka ile ya mwanzo, imani ilikuwa jambo la kituo. Kijana aliyetaka kusoma alikwenda misioni, na alipobatizwa mara nyingi alijikuta yu katikati: ukoo wake ulimwona kama mtu aliyewaacha, na misioni haikuweza kumpa ukoo mwingine. Swali lilizuka mapema: je, mtu akiwa Mkristo, anaacha kuwa mwana wa baba yake na jirani wa majirani zake?

Aliyelichukua swali hilo kwa uzito alikuwa mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa Moshi, hata alipoondoka mwaka 1938. Gutmann alifundisha kwamba Mungu alikuwa amekwisha kuwafunga watu wa mlimani kwa vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba Kanisa halikutumwa kuvikata bali kuvitakasa. Alitaka wazee wa kanisa wawe wazee wa ujirani, wenye kujua nani mgonjwa na nani hana chakula. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili au watatu watatu, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake maisha yote. Wako waliompinga, nao walikuwa na sababu. Vijana waliosoma waliona kwamba aliipenda mno mila ya kale na kuwachelewesha. Tena mila hiyo iliwapa wanaume wazee neno la mwisho katika mambo mengi, hasa ya ardhi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini na serikali ya Waingereza. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia kuanzia mwaka 1922, lakini walikuwa wachache, na watu wa Leipzig walirudi tu kuanzia katikati ya muongo ule. Katika pengo hilo, walioshika kazi walikuwa walimu wa hapa hapa. Usharika wetu ni mtoto wa miaka ile. Mtaa wetu haukuanzishwa na mtu aliyetoka ng'ambo. Ulianzishwa na watu waliokuwa na mwalimu mmoja, vitabu vichache na nyumba zao.

Nasema nyumba zao kwa makusudi. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba hayo ndiyo mambo ambayo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Babu zetu hawakuhitaji kuelezwa sana maana ya maneno hayo. Wazee walionilea walisimulia kwamba jioni, ng'ombe na mbuzi wakiisha kupewa majani, watoto walikaa kuzunguka moto na kuulizwa Amri moja na maelezo yake. Aliyekosa hakuchapwa, bali alisubiri ndizi zake mpaka aseme sawasawa. Mara nyingi aliyeuliza alikuwa mama, hata kama hakujua kusoma, kwa kuwa alikuwa ameyashika kwa moyo yale aliyoyasikia Jumapili. Ndivyo imani ilivyodumu bila mchungaji kwa miezi mingi.

Kutoka nyumbani imani ilikwenda shambani. Maji ya mfongo yaligawanywa kwa zamu, na asiyetaka kungoja aliweza kuamka usiku na kuyageuzia kihambani mwake. Mzee mmoja aliniambia kwamba katika ujana wake mtu alijulikana kuwa Mkristo si kwa jina la ubatizo tu, bali kwa swali hili: je, aligusa maji ya mwenzake usiku? Kahawa nayo ilileta fedha, na fedha ilileta mizani. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Yule aliyepima kahawa ya wajane Jumatatu alikuwa amekaa nao benchi moja Jumapili. Hapo Amri ya Saba iliacha kuwa somo la kukariri.

Majirani walipokosana, jani la isale lililofungwa fundo lilipelekwa na mtu wa katikati kuomba amani. Wazee wetu wa kanisa hawakulitupa jani hilo. Walilipeleka, wakakaa, wakasikiliza pande zote mbili, kisha wakaomba. Waliopatana walikuja pamoja kwenye Chakula cha Bwana. Palipokuwa na ugomvi usiokwisha, mzee aliwaambia wasije mezani mpaka wamekwisha kusemezana.

Mabadiliko hayakusimama. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo leo ni KKKT, chini ya Askofu Stefano Moshi, mwana wa mlima huu. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule zetu zilichukuliwa na serikali, na yule mwalimu aliyefundisha hesabu asubuhi na kuongoza sala jioni akawa mtumishi wa serikali. Naamini hatukutambua haraka jambo lililotupata. Malezi ya imani yalirudishwa mikononi mwa wazazi wakati ule ule ambao wazazi walikuwa wamezoea kuyaachia shule. Darasa la kipaimara likabebeshwa mzigo uliokuwa wa nyumba, wa shule na wa mtaa pamoja.

Hata hivyo, ingekuwa uongo nikiiandika historia hii kama safari ya waadilifu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea katika nchi zetu, uliwafundisha watu kuungama hadharani na kurudisha walichoiba. Kitabu cha Jubilei kisichokuwa na maungamo hakiwezi kuwa kitabu cha Walutheri. Nina mambo mawili ya kuungama.

La kwanza ni juu ya nidhamu ya Kanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mchungaji kijana katika usharika mmoja niliotumwa, wazee waliniletea jina la binti wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kufuatana na desturi iliyokuwapo katika sharika nyingi, nilisoma jina lake mbele ya watu: asishiriki Chakula cha Bwana, aondoke katika kwaya, hata atakapotubu na kurudi kundini. Kijana aliyehusika alikuwa ameketi upande wa wanaume, safu ya nne. Wazee walimjua, nami nilimjua. Hakuna aliyemtaja, kwa kuwa mwili wake haukuonyesha kitu, na kwa kuwa baba yake alikuwa mnunuzi mkubwa katika mnada wa mavuno. Mama wa yule binti aliinuka katikati ya ibada, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mama alinikaribisha, akanipa kiti, akanimiminia chai. Nilipomaliza kusema, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Baba Mchungaji, mimi nimekwisha kukusamehe zamani. Lakini mwanangu mlimtangaza mbele ya watu wote. Radhi yake mnaileta jikoni?" Sikuwa na jibu. Nimeomba nafasi katika kitabu hiki kwa sababu ya swali lile. Jina la yule binti silitaji tena, kwa maana lilikwisha kutajwa kupita kiasi. Ila nasema mbele ya usharika huu na wageni wetu wa dayosisi kwamba tulimhukumu mmoja kwa dhambi ya wawili, na aliyesoma hukumu hiyo alikuwa mimi.

La pili ni juu ya wajane. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulifika kwetu pia, nasi tukazika vijana wengi. Tulizika vizuri. Kwaya ziliimba, matanga yalihudhuriwa, majirani walileta ndizi na kuni. Lakini baada ya matanga ndugu wa marehemu walikaa kikao chao, na mara kadhaa mjane aliambiwa kwamba kihamba ni cha ukoo, naye arudi kwao. Mila ya mlimani ilirithisha ardhi kwa wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Katika baadhi ya vikao hivyo walikuwamo wazee wetu wa kanisa, wakiwa wamevaa kofia ya ukoo na kuiacha ile ya Kanisa mlangoni. Mjane mmoja aliniambia, "Mchungaji, mlikuja kumzika. Hamkurudi kuniona." Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema waziwazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikaona haya. Manabii walikuwa wamelisema jambo la wajane muda mrefu kabla ya Bunge, nasi tulikuwa tunawasoma kila mwaka.

Sisemi hayo ili kuwadharau waliotutangulia. Vifungo vya ukoo na ujirani vilivyoishika imani yetu pengo la mwaka 1920 lilipofunguka ndivyo vilivyotufumba macho mjane alipofukuzwa. Kifungo ni kilekile. Swali ni nani anayekishika, na kwa ajili ya nani. Katika hili Gutmann aliona nusu ya kweli. Nusu nyingine tumefundishwa na wanawake: na mama aliyetoka kanisani na mwanawe, na mjane aliyetungoja turudi, na pia na wachungaji wanawake ambao Kanisa letu lilianza kuwawekea mikono katika miaka ya 1990, nao wakaingia katika nyumba ambazo sisi tulikuwa tukisimama uani.

Leo hali ni nyingine. Watoto wetu wako Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo. Wiki ya Krismasi magari hujaa mlimani, kanisa hufurika, na mnada hupata fedha nyingi. Ifikapo Januari milango hufungwa, na katika nyumba nyingi hubaki bibi mmoja na taa moja. Jengo jipya litakalowekwa wakfu katika Jubilei hii ni zuri, nasi tunamshukuru Mungu na wote waliotoa. Lakini wale waliouanzisha usharika huu walikuwa na banda linalovuja na nyumba zilizokuwa na sala. Tujihadhari tusije tukawa na kinyume chake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote madogo. Wanakipaimara wa mwaka huu wa Jubilei wapewe wenzi, kama walivyopewa babu zao, nao waulizane habari hata wakiwa mbali. Simu zinatosha kwa kazi hiyo. Kila mzee wa kanisa arudi katika nyumba ya msiba siku ya arobaini, amwulize mjane, peke yake, kama analala kwa amani kihambani pake. Na katika kila nyumba yenye mtoto, jioni moja kwa juma, mtu mmoja aulize Amri moja na maelezo yake. Ndizi zinaweza kungoja kidogo.

Mungu aliyewahifadhi baba na mama zetu kuzunguka moto ule atuhifadhi na sisi, atusamehe tuliyoyakosa, na awape wale watakaoandika historia ya miaka mia ijayo maungamo machache kuliko yetu. Amina.