Ugomvi wa Ndugu Wawili, Kutoka Helsinki Hadi Muze

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mhariri wetu ameniomba niandike historia fupi ya jambo lolote ninalolifahamu. Wengine wameandika juu ya kilimo, siasa na mpira. Mimi nimechagua ugomvi. Ni ugomvi wa watu wanaogawa mali yao bure, kisha wakachukiana kwa sababu ya namna ya kuigawa. Ulianza mbali sana na kwetu, lakini uliteremka hadi Muze, na mmoja wa waliouteremsha ni mimi.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1984 hatukuiona kompyuta shuleni. Mwaka 1974, mwaka ule ule Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa. Basi tulijifunza ukubwani, kila mtu kwa mwalimu aliyempata. Na mtu akijifunza ukubwani, humtetea mwalimu wake kama mtoto anavyomtetea baba yake.

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tu. Mfumo ndio unaoamuru kila kifaa kifanye kazi gani na kwa zamu ipi. Mifumo mingine huuzwa, na maandishi yake ya ndani hufichwa. Wazee wetu wa Ufipa wanaijua siri ya namna hiyo. Fundi mkuu wa tanuri la chuma, ilungu, alikuwa na kikapu chake cha dawa, na haikuwa ruhusa kwa kila mtu kukichungulia. Katika programu huria kikapu kiko wazi: anayetaka atazame, ajifunze, aongeze dawa yake.

Kikapu cha kwanza kilifumwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu miaka ya mwisho ya 1970, nacho kiliitwa BSD. Cha pili, Linux, kilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeitangazia dunia kazi yake mwezi Agosti 1991. Matusi hayakuchelewa. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyomfundisha kijana huyo, aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati kwa jinsi ilivyojengwa. Kijana akamjibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa ukali wake.

Mwaka huo huo wa 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliwashitaki watu wa BSD, ikidai kwamba ndani ya kikapu chao mna mali yake. Kesi ilimalizika kwa suluhu mwaka 1994. Kwa muda wote huo watu waliogopa kuitumia BSD, na wengi wakakimbilia Linux. Torvalds mwenyewe alipata kusema kwamba kama BSD ya kompyuta ndogo ingekuwa tayari alipoihitaji, huenda asingeianza kazi yake. Hapo ndipo chuki ilipopata mizizi. Watu wa BSD walijiona kama wazaliwa wa kwanza walionyang'anywa urithi. Watu wa Linux waliwaona wenzao kama wazee wenye kiburi wasio na wafuasi.

Tena walihitilafiana juu ya leseni. Niwape mfano wa shambani. Mtu wa Linux anakupa mbegu kwa sharti moja: ukiiboresha na kuigawa, umpe unayemgawia na siri ya ubora wake. Mtu wa BSD anakupa mbegu akisema, fanya upendavyo, hata ukiuza na kuficha, mradi usilifute jina la aliyekupa. Wote wawili ni wakarimu, lakini kila mmoja humwona mwenzake kuwa ameukosea ukarimu.

Hata ndani ya nyumba moja hapakuwa na amani. BSD ilizaa NetBSD na FreeBSD mwaka 1993, na mwaka 1995 Theo de Raadt, baada ya kutoelewana na wenzake wa NetBSD, akaanzisha OpenBSD. Sisi wa Ufipa hatuwezi kuwacheka. Nkansi na Lyangalile zilikuwa falme mbili zenye watawala wa asili moja, nazo zilishindana, huku zote zikiiheshimu Milansi iliyotangulia. Lakini mgawanyiko nao una matunda. Watu wa OpenBSD ndio waliotoa OpenSSH mwaka 1999, kufuli linalotumiwa leo na mafundi wa Linux na wa BSD bila kubaguana.

Kwetu Afrika mafundi wengi wa intaneti walifunzwa katika semina za AfNOG, zilizoanza Cape Town mwaka 2000, zikafika Kampala mwaka 2003 na Dar es Salaam mwaka 2011. Kwa miaka mingi semina hizo zilifundisha kwa FreeBSD. Mimi ni zao la mafunzo hayo. Mwenzangu wa kitanda cha juu bwenini, ambaye sitamtaja jina ingawa ninyi mnamjua, alikuwa mtu wa Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kati ya 2005 na 2011 diski za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwenzangu aliomba, akazipata, akasema jina lenyewe ni utu. Mimi nilimwambia utu hauendeshi seva.

Mwaka 2012 tulichanga, tukapata kompyuta sita zilizotumika, tukazipeleka Muze kwa ajili ya vijana waliomaliza shule. Nani asiyeijua njia ile, kutoka baridi ya Sumbawanga kuteremka ukingo wa bonde hadi joto la Rukwa? Tuliziwasha kwa umeme wa jua. Mwenzangu aliweka Ubuntu zote sita, zikafanya kazi siku ile ile. Akapanda kurudi mjini.

Nami nilibaki nyuma. Usiku nikazifuta nne na kuweka FreeBSD, kwa sababu niliona aibu mafunzo yangu yasionekane. Asubuhi ule mfumo wangu haukuitambua modemu yetu wala printa. Nilihangaika siku tatu. Vijana walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakaondoka. Walipouliza, nilisema mashine zimeharibiwa na vumbi. Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo, na leo ndiyo mara ya kwanza kuukiri kwa maandishi.

Mwenzangu aliporudi aliwasha mashine moja tu, akajua. Hakupiga kelele. Alizirudishia Ubuntu zote nne, akaniambia, "Bwana, wewe hukuja kuwafundisha hawa. Ulikuja kunishinda mimi." Hatukusemezana kwa miaka minne. Kijana mmoja aliyekuwa akifagia alituuliza, "Wazee wetu, kama zote ni bure, mnagombania nini?" Hakuna aliyemjibu.

Jibu lilinijia baadaye, pale pale Muze, nilipomwona mfugaji akiulizia bei ya ng'ombe kwa ujumbe wa WhatsApp. Simu yake ilikuwa ya Android, ambayo kiini chake ni Linux. Na kwa miaka mingi seva za WhatsApp ziliendeshwa kwa FreeBSD. Ujumbe wa mtu yule ulitoka mkononi mwa ndugu mmoja ukapokelewa na mwingine, naye hakujua wala hakuhitaji kujua kwamba wamewahi kugombana.

Bado ninaamini FreeBSD ni mfumo bora kwa seva, na mwenzangu akitaka tubishane, niko tayari. Lakini kwa zile kompyuta nne na siku tatu za vijana wale, nilikosa. Tutakapokutana kwenye mkutano wetu, nimwekee nani kiti karibu nami, anajua mwenyewe. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi za Muze nilizikanyaga mimi.