Usiseme Imekwisha

Leo nawaomba tutafakari pamoja juu ya mkutano mmoja ulioshindwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha mwaka 1945, Marekani na Muungano wa Sovieti, ambao wengi waliuita Urusi tu, walikaa kwa uadui zaidi ya miaka 40. Kila upande ulijiwekea makombora ya nyuklia ya kutosha kuteketeza miji ya mwenzake. Wao kwa wao hawakupigana vita vya wazi, lakini fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Waulizeni watu wa Angola.

Mwezi wa Oktoba 1986, Rais Ronald Reagan na Bwana Mikhail Gorbachev walikutana Reykjavik, mji mkuu wa kisiwa cha Iceland. Walifika hata kuzungumza juu ya kuondoa silaha zote za nyuklia. Kisha wakakwama. Reagan alitaka kujenga ngao angani ya kuzuia makombora. Gorbachev alitaka majaribio ya ngao hiyo yasitoke nje ya maabara. Jioni ya tarehe 12 wakaagana nyuso zimekunjamana. Watu wengi wakasema, imekwisha.

Kumbe haikuwa imekwisha. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa masikio yake hofu ya mwenziwe, na yale aliyokuwa tayari kuyaacha. Februari 1987 Gorbachev akakubali kuliweka kando jambo la ngao, ili wapatane kwanza juu ya makombora ya masafa ya kati. Tarehe 8 Desemba 1987 wakatia sahihi mkataba mjini Washington. Kufikia katikati ya mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa: 1,846 ya Sovieti na 846 ya Marekani. Tena kila upande ulikubali wageni waingie kwake kuhesabu.

Si mkataba huo peke yake ulioumaliza uadui. Uchumi wa Sovieti ulikuwa umedhoofika, na wananchi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wamechoka. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989, na Desemba 1991 Muungano wa Sovieti ukavunjika. Mkataba wenyewe ulikufa mwaka 2019, maana amani ni kama shamba: usipolipalilia, magugu hurudi.

Ndugu yangu, labda wewe nawe uliketi na jirani juu ya mpaka wa shamba, au na ndugu yako wa tumbo moja juu ya urithi wa baba, mkaachana kwa hasira. Usiseme imekwisha. Jiulize: siku ile nilisikia nini kutoka kwake? Ni neno gani moja tunaloweza kupatana, hata kama lile gumu litabaki? Anzeni na hilo, mbele ya mashahidi.

Mungu awabariki.