Kiwanja Chenye Majina Matatu

Mtu hupewa jina siku ya ubatizo, nalo humtosha mpaka kaburini. Lakini kiwanja kimoja cha michezo huko Kinshasa kilipewa jina mara tatu. Tuyatazame majina hayo moja moja, maana ndani yake mna habari ya nchi yetu.

Mwanzo wake watoka kwa Padri mmoja wa Scheut, Raphaël de la Kéthulle, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1890. Alifika Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1917. Alikuwa mwalimu, lakini kazi yake haikuishia ubaoni. Aliwakusanya vijana wa mji katika michezo, na mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring, ambayo leo yaitwa Daring Club Motema Pembe. Watu walimwita Tata, maana yake Baba. Mwaka 1952 kiwanja kikubwa kilifunguliwa, nacho kikapewa jina la mfalme wa Wabelgiji: Roi Baudouin. Padri alifariki mwaka 1956.

Jumapili tarehe 4 Januari 1959, watu elfu nyingi walikuwa humo wakitazama mpira. Siku ile ile serkali ilikuwa imekataza mkutano wa Abako, chama cha Kasa-Vubu. Mpira ulipokwisha, watazamaji walitoka na kukutana na watu wenye hasira njiani. Fujo ikawaka mji mzima, askari wakapiga risasi, na watu wengi wakafa. Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari, Mfalme Baudouin mwenyewe alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Tazameni ajabu hiyo: waliotoka katika kiwanja chenye jina lake ndio waliosaidia kumfanya aseme neno hilo!

Baada ya uhuru, mfalme aliondolewa ukutani. Mobutu alipotawala, kiwanja kiliitwa 20 Mai, kwa kukumbuka siku kuu ya chama chake cha MPR, ya mwaka 1967. Kwa jina hilo kiliona furaha kubwa. Mwezi wa Desemba 1973 timu ya Zaire iliishinda Morocco 3 kwa 0, ikawa ya kwanza katika nchi za Waafrika weusi kwenda Kombe la Dunia. Na tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi mbele ya watu wapata 60,000. Saa ile ya usiku ilichaguliwa ili Wamarekani watazame jioni kwao. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Watu walipaza sauti: «Ali, boma ye!» Katika raundi ya 8 Foreman alianguka. Haukupita muda mrefu, mvua kubwa ikanyesha kiwanjani.

Mwaka 1997 Mobutu alianguka naye, na jina la 20 Mai likaanguka pamoja naye. Ndipo kiwanja kikaitwa Tata Raphaël.

Mtu aweza kuuliza: Je, mbona jina la Mzungu mmoja limeondolewa, na la Mzungu mwingine limewekwa? Swali hilo ni la haki, kwani Padri huyu naye alifanya kazi chini ya utawala wa wageni. Lakini angalieni tofauti. Jina la mfalme liliwekwa na wenye nguvu. Jina la chama vilevile. Nguvu zilipokwisha, majina yakafutwa. Bali neno «Tata» halikutoka katika ofisi yoyote. Watu walimpa angali hai, kwa sababu aliwapa watoto wao shule na mpira.

Basi, anayetaka kukumbukwa asitafute ukuta wa kuandika jina lake. Awatafute watoto wa mtaa wake. Wahenga walisema: Jina jema hung'aa gizani.