Uliza Kwanza Mtaa Ulipimwa kwa Ajili ya Nani

Wateja wakinifuata kijiweni Magomeni huanza na geti, vigae na idadi ya vyumba. Mimi dalali huwasikiliza, kisha nawauliza: mtaa wenyewe unajua ulivyoanza? Dar es Salaam ilipangwa, na kila aliyeipanga alikuwa na watu wake.

Wajerumani walipoufanya mji makao makuu yao mwaka 1891, walijitwalia upande wa mashariki unaopigwa na upepo wa bahari. Waingereza wakaukoleza mgawanyo huo: Uzunguni bustani na nafasi, Uhindini duka chini na makazi juu, Uswahilini huko Kariakoo. Kati ya Kariakoo na mjini wakauacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi, makusudi. Makaratasi yao yalitaja aina ya majengo kuliko rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua pa kwake.

Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Uani jiko na choo. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa akina mama, alikaa chumba kimoja akapangisha vingine. Barazani ndipo mpangaji mpya alipoangaliwa tabia, na ndipo habari za msiba na za chumba kilicho wazi zilipopatikana. Leo pameota ghorofa, ila kiwanja ni kile kile kilichokatwa kwa nyumba ya makuti. Ukinunua huko, gari utaegesha wapi?

Upanga na mjini kuna mtego mwingine. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo anayekuonyesha funguo kwa madaha huenda naye ni mpangaji tu.

Miaka hiyo ya 1970 ukaja mradi wa viwanja uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza na Kijitonyama barabara zilichorwa kwanza, mwananchi akajenga baadaye. Manzese watu walikuwa wameshajenga, ndipo barabara zikapenyezwa. Tofauti hiyo bado unailipia: Sinza lori la mchanga linafika mlangoni, Manzese, ukishaiacha barabara kubwa, mahali pengi mchanga unamaliziwa kwa mkokoteni.

Na kuna bonde la Msimbazi, ambalo ni njia ya maji tangu kabla ya mji. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizifunika nyumba za Jangwani na mabonde mengine, serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Wakati wa kiangazi nyumba za bondeni zinauzwa bei ya kutamanisha, na dalali mwenye njaa hatakwambia kwa nini.

Mimi mteja wangu nampeleka mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, aone maji yanapita wapi. Tukitoka hapo tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa majirani wa kuume na wa kushoto: huyu muuzaji ndiye mwenye mali? Mpaka wake unaishia wapi? Majibu yakigongana tunaondoka, hata bei ikishushwa nusu.