Mwaka Serikali Ilipotuvalisha

Kuna picha nyumbani kwa shosho, Umoja, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati kwa selotepu ambayo sasa imegeuka manjano. Ndani yake anko wangu, kakake mdogo wa mamangu, ameegemea matatu. Amevaa jinzi pana inayoweza kuingia watu wawili, tisheti inayokaribia magoti, kitambaa kichwani chini ya kofia, na buti za Timberland ambazo hazijafungwa kamba. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa biro: Buru, 2002. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka mitatu.

Lakini ukiiangalia, kitu cha kwanza kukuvuta si yeye. Ni gari. Ubavuni kuna uso wa rapa wa Marekani, macho yanakufuata popote unaposimama. Uso huo aliuchora anko mwenyewe.

Siku hizi ukipita Toi ama Gikomba Jumamosi asubuhi, utapata wasee wa rika langu wakichakura nguo kama zile za kwenye picha. Wanaziita Y2K. Mimi ni mmoja wa wanaoziuza mtandaoni. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana, jinzi za watu waliokuwa vijana nikiwa chekechea zimenilipia kodi ya nyumba mara kadhaa. Wateja huniuliza kama ni orijino. Hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje kuzivaa.

Basi nikamwuliza anko.

Tuanze na nguo zenyewe. Mapema miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara na mitumba ikaingia kwa mabeli. Viwanda tulivyojivunia, KICOMI pale Kisumu na Rivatex pale Eldoret, vikadidimia. Kwa aliyekuwa akila kupitia kiwanda, hilo lilikuwa janga. Kwa kijana wa Eastlands, ilikuwa mara ya kwanza kuchagua. Kabla ya hapo nguo mpya ilikuwa ya Krismasi, na aliyeichagua ni mzazi, tena saizi kubwa ndiyo ukuwe ukiivaa. Sasa ungeamka alfajiri, ufike Gikomba beli zikikatwa, upate camera, yaani zile nguo safi za kwanza kabla wengine hawajazishika. Ukichelewa unapata fagia. Fundi yuko hapo kando na cherehani yake: anapunguza kiuno, anaacha miguu ilivyo.

Halafu kuna huu mzunguko ambao bado hunichekesha. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, na viwanda vya Athi River vikaanza kushona nguo kwa wingi za kupeleka huko. Jinzi inashonwa na dada wa Athi River, inapanda meli Mombasa, inavaliwa Marekani, inachokwa, inafungwa beli, inarudi Mombasa. Si ajabu kuna aliyenunua Gikomba kitu alichokishona kwa mkono wake.

Namna ya kuzivaa ilitoka kwa muziki. Kalamashaka walikuwa wameonyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba hip hop inaweza kuongea lugha ya mtaa. Baada yao wakaja Ogopa DJs, kisha Calif Records na genge. Wazee walisema tunaiga Wamarekani, na kwa nguo hawakukosea sana. Lakini maneno yalikuwa Sheng, na waliovaa walikuwa wanajulikana, wa South C, wa California, wa Dandora. E-Sir alipofariki katika ajali ya barabarani Machi 2003 akiwa na miaka 21, mamangu anasema mtaani ilikuwa kama msiba wa nyumba jirani. Alikuwa anavaa kama anko. Ama anko alikuwa anavaa kama yeye.

Wasichana nao walikuwa na vita vyao. Mamangu, ambaye leo hawezi kuniruhusu niingie sebuleni na kofia, alikuwa na tumbo cut mbili na suruali ya hipster aliyoificha kwa rafikiye. Jumamosi walienda Kenyatta Market kusukwa rasta, wanawake watatu juu ya kichwa kimoja, kila mmoja na upande wake, wakiongea juu yako kana kwamba haupo. Ukitoka huko jioni kichwa kinauma mpaka unalala ukiwa umekaa. Shosho alikuwa anauliza swali moja tu: "Na kesho kanisani utaenda hivyo?" Alienda hivyo, na leso begani.

Hayo yote, nguo na nywele na muziki, yalikutana kwenye matatu. Wakati huo gari kali liliitwa manyanga. Nganya ni neno la juzi. Anko alikuwa na karakana ya kuazima upande wa Grogan. Ananieleza kazi kama mtu anayeeleza mapishi: unakwaruza rangi ya zamani kwa msasa mpaka bati lioneke, unajaza mabonde, unapiga rangi ya chini, unaacha ikauke. Picha unaitoa kwenye gazeti la muziki kuukuu ulilonunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Unaichora miraba kwa penseli, unachora miraba mikubwa kwenye gari kwa chaki, unahamisha mraba mmoja mmoja. Kisha kompresa. Macho unayafanya mwisho, kwa sababu ukikosea macho umechora mtu mwingine. Gari moja lilimlipia kodi ya miezi mitatu.

Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2004.

Serikali ya NARC ilikuwa imeingia mwisho wa 2002 na watu walikuwa na njaa ya nidhamu. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni ambazo mpaka leo tunaziita sheria za Michuki. Mikanda kwa kila abiria. Spidi gavana, mwisho kilomita 80 kwa saa. Nissan abiria 14, si kubebana. Dereva sare ya buluu, makanga sare ya maruni. Mstari wa manjano kuzunguka gari, na njia yake imeandikwa hapo. Muziki wa kelele ukome, michoro itoke. Siku za kwanza magari mengi yalibaki nyumbani na watu wakatembea kwenda kazini, suti na raba za mazoezi, na bado wengi walimpigia waziri makofi.

Lazima niseme ukweli: ningekuwa mtu mzima ningepiga makofi pia. Watu walikuwa wanakufa barabarani na abiria alikuwa mzigo tu. Shosho alipata kiti chake mwenyewe kwa mara ya kwanza na hajawahi kumsema Michuki vibaya. Hata anko hakubishana na mikanda. Anachouliza ni kitu kimoja, na amekiuliza kwa miaka 20 bila kupandisha sauti: "Mkanda uliokoa watu. Gavana iliokoa watu. Ule uso wangu uliua nani?"

Gari la kwenye picha alilipaka mwenyewe. Hilo sikulijua mpaka mwaka huu. Januari 2004 mwenye gari alimwita kwa sababu yeye ndiye aliyejua rangi zilivyolala, na akamlipa vizuri kufunika kila kitu kwa nyeupe. Alianza na macho. Akamaliza kwa kupiga ule mstari wa manjano, umenyooka kabisa, kwa sababu hawezi kufanya kazi mbaya hata akijaribu. Baada ya hapo kazi pekee kwenye matatu ilikuwa mstari, na mstari hauhitaji mchoraji. Alihamia mabango ya vinyozi na ya vibanda vya kuku.

Mwaka huohuo wa 2004, na hapa ndipo historia inapoanza kunitania, nchi ilikuwa kwenye mradi mwingine wa mavazi. Ilitafutwa nguo ya taifa. Kampuni ya sabuni ilitoa hela, wizara ikabariki, wabunifu wakakaa, maoni ya wananchi yakachukuliwa, na mavazi yakazinduliwa Nairobi. Wazo halikuwa baya. Ukienda mkutano wa Afrika utamjua Mnaijeria na Mghana kutoka mbali, sisi tunakuja na suti. Lakini umewahi kuona mtu na hiyo nguo? Harusini? Kwenye gari? Mimi sijawahi, na nguo ndiyo kazi yangu.

Nikiweka mambo hayo mawili pamoja, naona mwaka mmoja ambao serikali ilijaribu kutuvalisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na polisi, ikafaulu. Mara ya pili ilikuwa na maonyesho ya jukwaani tu, ikapotea. Na hata ile ya kwanza haikufaulu kabisa. Anko anasema kabla ya mwezi kuisha makanga walikuwa washaanza: shati la maruni halifungwi vifungo, ndani kuna jezi, suruali ya sare imeshuka kiunoni kama jinzi ya jana. Sare ikavaliwa kimtaa.

Wakati huohuo, bila kamati yoyote, kuna kitu kilichokuwa kinasambaa kutoka mikononi mwa akina mama wa Maasai Market: bangili ya shanga yenye rangi za bendera. Kufikia mwisho wa muongo huo ilikuwa kwa mkono wa makanga, wa mwanafunzi, wa mkimbiaji, wa mheshimiwa. Kama tuna vazi la taifa, ndilo hilo. Hakuna aliyetuambia tulivae.

Sasa nywele. Baada ya 2004 anko aliacha rasta zake zikue, za kiume, zile za kutokatwa. Hakuwa na itikadi, ni vile alikuwa hana tena gari la kuonyesha alivyo. Lakini dredi jijini hazikuwa nywele tu. Mungiki, kundi lililopigwa marufuku mwaka 2002 na lililokuwa likitoza ushuru kwenye stejini za matatu, lilijulikana kwa dredi, na polisi hawakuwa na muda wa kutofautisha kichwa na kichwa. Juni 2007, baada ya polisi kuuawa, operesheni iliingia Mathare na watu zaidi ya 20 wakauawa kwa siku chache. Mitaani vijana walikuwa wananyoa usiku.

Hii naikumbuka mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane. Stima zilikuwa zimepotea. Mamangu alimkalisha anko kwenye stuli jikoni, mshumaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, akazikata kwa makasi ya kushonea, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeongea. Shosho aliziokota sakafuni akazitia kwenye karatasi ya unga, na asubuhi anko alienda kutafuta kazi na kichwa ambacho sikukijua.

Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema vijana waachwe wachore matatu zao, na rangi zikarudi. Anko alikuwa na miaka 36. Hakurudi. Alisema mkono umezoea kuku.

Mwezi uliopita nilimpeleka stejini ya Rongai kuangalia nganya mpya. Alipapasa ubavu wa moja kama daktari. "Hii ni stika," akasema. Akaenda ya pili, stika. Ya tatu akasimama. Akainama karibu na macho ya yule aliyechorwa, akaangalia muda mrefu, kisha akamwuliza makanga ni nani aliyefanya. Fundi alikuwa hapo hapo akinywa chai, kijana wa miaka 23. Waliongea juu ya kompresa saa nzima, na gari likajaa mara mbili na kuondoka bila sisi.

Tukiwa njiani nilimwuliza kama bado ana ile jinzi ya kwenye picha, kwa sababu kusema kweli ningeiuza kwa 1,500 kabla ya jioni. Alicheka.

"Ile? Mamako aliikata vipande. Ilipiga deki kwa shosho mpaka 2010."